Disketi ya Bonaya na Moduli Iliyokosekana

Tangu nirudishe funguo za ofisi, vijana niliowaacha kwenye chumba cha kompyuta hunipigia simu kuniuliza mambo ambayo nilidhani nimeyaandika na kuyabandika ukutani. Wengi huanza hivi: "Mzee Jilo, inasema moduli haipo." Nami huwajibu kwa swali: inaitafuta wapi? Kisha nasikia vidole vikigonga kibodi, halafu kicheko kidogo cha aibu, na simu inakatwa. Nimeona afadhali niandike mahali nilipolipata swali hilo, kwa sababu si langu. Nilipewa na mtu ambaye nilimlipa vibaya. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa, na mishahara ilichelewa zaidi.

Nilianza kazi Garsen mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya maji ya El Niño kushuka. Mto ulikuwa umehama mahali pengine, umekula kingo, umeacha mchanga juu ya mashamba ya watu. Malka kadhaa zilikuwa zimefutika kabisa. Kwa msomaji asiye wa Tana, malka ni njia inayoachwa wazi katikati ya mashamba ili ng'ombe wapite kwenda kunywa maji mtoni. Kiangazi kikikaza, mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma hukutana hapo. Wakikutana kwa mpango, ng'ombe hunywa na mahindi hubaki. Wakikutana bila mpango, huzikwa watu.

Mradi mmoja wa misaada ya mafuriko uliiachia kamati ya malka, ya wakulima na wafugaji, kompyuta moja, printa ya pini, na jenereta iliyokohoa kama mvuta sigara. Haukuacha mtu wa kuvitumia. Mtu huyo akawa mjomba wangu, Mwalimu Komora wa Golbanti. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na Pascal, lugha ya kuandikia programu, alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichopoteza jalada na sura ya mwisho. Mpaka leo sijui sura ile ilikuwa na nini. Tuliishi bila hiyo. Alinichukua nimsaidie kwa sababu nilikuwa mtoto wa dada yake, nilikuwa na subira, na nilikuwa nimepita umri wa miaka thelathini bila kazi ya kueleweka. Cheti cha kompyuta sikuwa nacho. Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kibodi. Alinipa brashi ya rangi, mpya, na kunionyesha jinsi ya kutoa vumbi kwenye matundu ya feni na sisimizi kwenye mlango wa disketi. Sisimizi wa Garsen walipenda joto la mashine ile kuliko sukari. Siku ya pili alinifundisha kuzima: kwanza printa, kisha kompyuta, mwisho jenereta, kamwe usianze na jenereta. Siku ya tatu aliniruhusu kuketi, akasimama nyuma yangu na mikono mgongoni kama bado yuko darasani.

"Skrini usiisome kama barua ya mchumba," aliniambia, "ukitafuta unachotaka kusikia. Soma kilichoandikwa."

Ikitokea mashine inasema imekosa faili, alikuwa na utaratibu wake, naye aliurudia hadi nikawa naweza kuutaja usingizini. Kwanza: inaitafuta wapi? Pili: je, faili iko hapo? Tatu: jina limeandikwa sawa? Mambo ya kumuuliza mtu yalikuja mwisho. "Mashine haijui kwamba kitu hakipo," alisema. "Inajua tu kwamba haikukiona ilikotazama. Hata wewe ukitafuta kofia yako chini ya kitanda, huwezi kusema imeibiwa."

Sasa niwaeleze programu yenyewe. Ilikuwa inapanga zamu: kundi gani la ng'ombe lipite malka ipi, siku gani, kulingana na mashamba yaliyo karibu kuvunwa. Hatukuwa na hifadhidata. Mashamba yaliandikwa ndani ya moduli moja, yaani kipande cha programu chenye faili yake, iliyoitwa SHAMBA, na makundi ya ng'ombe ndani ya nyingine, iliyoitwa MALISHO. Kila zamu mpya tulibadilisha moduli hizo na kuikusanya programu upya kwa kompaila, chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Najua mnacheka. Lakini ilifanya kazi.

Wafugaji waliiogopa mashine ile, na walikuwa na haki. Ilikaa katika chumba cha mwalimu Mpokomo. Nani angewahakikishia kwamba haichezewi? Mjomba ndiye aliyetoa dawa. Kila upande ungebeba moduli yake katika disketi yake. Siku ya kuchapisha, disketi zote mbili zingeletwa, moduli zingenakiliwa kwenye saraka moja, au folda kama mnavyoiita sasa, jina lake PANDE. Programu ingekusanywa, karatasi ingechapishwa, kisha moduli zote mbili zingefutwa mbele ya waliozileta. Hakuna sehemu ya upande wowote iliyoruhusiwa kulala ndani ya mashine. Kamati iliapa hivyo, Wakristo kwa Biblia na Waislamu kwa Kurani, na mjomba aliapa pamoja nao.

Disketi ya wakulima ilitunzwa na Mama Hawayu wa Chara, mjane aliyelima mpunga na kusema alichotaka. Ya wafugaji ilitunzwa na Bonaya, mtu mrefu, mkimya, ambaye hakujua kusoma. Walimchagua kwa sababu aliishi kwa kuchunga ng'ombe wa watu wengine, na hakuna aliyewahi kumdai hata ndama mmoja. Disketi aliishonea mfuko wa ngozi na kuuvaa kifuani. Mashine ilipoonyesha saraka tupu mwisho wa kazi, Bonaya hakuelewa maneno, lakini umbo la ule utupu alilijua, na alikuwa hatoki mpaka auone.

Tulikwenda hivyo kwa zamu kadhaa bila tatizo. Mchana, kazi ikiisha, mjomba alinifundisha. Nilijifunza haraka, na nilianza kujisikia mtu.

Kisha kiangazi kilikuja kikali. Visima vya mbali vilikauka mapema, na habari ikaja kwamba makundi makubwa yamekwisha kugeuka kuelekea mtoni. Upande wa Chara mahindi yalikuwa yamesimama, bado kidogo tu yavunwe. Kamati ikaitisha siku ya kuchapisha haraka. Watu wa kupeleka zamu porini walikuwa nje wakingoja karatasi, viatu miguuni. Karatasi isipotoka siku ile, makundi yangeshuka popote yalipoona maji.

Chumba kilijaa. Kamati ilikaa kwenye mabenchi, na waliokosa nafasi walisimama madirishani wakituzibia upepo. Mjomba alinakili disketi ya Mama Hawayu, kisha ya Bonaya, akaiamuru kompaila ianze. Ilisita, ikaandika kwamba faili ya moduli MALISHO haikupatikana.

Alijaribu tena. Maneno yakawa yale yale.

"Bonaya," mjomba aliuliza, "disketi hii umeiweka wapi siku zote?"

"Hapa." Bonaya akagusa kifua. "Mimi nalala nayo. Bibi yangu sasa anaiita mke mwenza."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye miwani.

"Sehemu yenu haimo," alisema.

"Haimo vipi? Wewe mwenyewe umeingiza, mwalimu. Taa imewaka, mimi nimeona."

"Taa huwaka hata kwa disketi tupu. Ya Mama Hawayu imepatikana. Yako ndiyo haikupatikana. Disketi yako imeharibika, au imefutwa."

Neno hilo la mwisho lilitoka dirishani kabla halijafika kwenye mabenchi. "Wameifuta!" mtu mmoja wa upande wa wakulima alipiga kelele. "Wanataka karatasi isitoke, wapite wanapotaka!"

"Nyamaza wewe," Mama Hawayu akamwambia bila kugeuka. "Hata shamba lenyewe huna."

Mzee Guyo, aliyekuwa mkubwa wa upande wa wafugaji, alimwuliza Bonaya kitu kwa Kiorma, taratibu. Bonaya akajibu kwa neno moja. Mzee akauliza tena. Safari hii Bonaya alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Ndipo mzee Guyo akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie: "Kama amepoteza kitu cha watu, hakuna mtu atakayempa ng'ombe wake tena. Hiyo ni juu yetu. Lakini ng'ombe walioko njiani hawangoji hukumu."

Nilimtazama Bonaya. Mtu anayeishi kwa kuchunga mali ya wengine, akitangazwa hivyo mbele ya kamati, amekwisha. Hakuna kesi inayokatwa haraka kama hiyo.

Nikasema, "Mjomba, niangalie?"

Akasogea, nami nikaketi. Sikuwa na wazo lolote la pekee. Nilifuata tu utaratibu ambao yeye mwenyewe, kwa sababu ya watu na joto na wale waliokuwa wakingoja nje, alikuwa ameuruka. Niliorodhesha kilichomo ndani ya PANDE. Moduli zote mbili zilikuwamo, SHAMBA na MALISHO, zimeingia salama. Kisha nikafungua mahali ambapo kompaila huambiwa itafute moduli. Haikuwa imeandikwa PANDE. Iliandikwa MAZOEZI.

Nitawaambia nilichohisi, kwa sababu ndicho kinachonitia aibu kuliko kitendo chenyewe. Sikumwaza Bonaya, wala ng'ombe, wala mahindi. Nilihisi furaha. Kosa lilijifichua kwangu mimi, mbele ya watu wote, na mwalimu wangu alikuwa amelikosa. Nilishika monita, ile ya zamani nzito kama jiwe la kusagia, nikaigeuza ielekee mabenchi.

"Disketi ya Bonaya ni nzima," nikasema kwa sauti. "Sehemu yake hii hapa. Mashine ilikuwa ikitafuta pengine. Tazameni."

Upande wa wafugaji walishangilia. Mtu akampiga Bonaya mgongoni, naye akavaa kofia yake. Nikawa nimekwisha kuinua kidole nibadilishe ile njia ya kutafutia moduli, nimalizie sifa zangu, Mama Hawayu aliposogea karibu na skrini. Yeye alijua kusoma.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kama mashine haikutazama humo PANDE, yangu mimi imeipata wapi?"

Sikuwa nimefika huko. Naapa sikuwa nimefika. Kidole kilibaki hewani.

Ndani ya MAZOEZI ndimo mjomba alimonifundishia. Wiki chache nyuma nilikuwa nimechoka na mifano ya kujumlisha namba, nikamwambia siwezi kuelewa moduli kwa mifano ya kitabu, anipe kitu halisi. Alisita. Kesho yake, zamu ilipokwisha kuchapishwa, alikuja na mfano halisi, nami sikuuliza ulikotoka. Jina la faili nililiona kila siku kwenye skrini. Nililizoea mpaka nikaacha kuliona.

Mjomba alisimama wima.

"Kwenye mazoezi," alijibu. "Nilinakili sehemu yako zamu iliyopita, Mama, nimfundishie mtoto wa dada yangu. Nikaielekeza kompaila huko. Sikufuta, wala sikuirudisha njia."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

Mzee Guyo hakupandisha sauti. "Na yetu, mwalimu? Yetu nayo umewahi kuilaza humu?"

"La."

"Tutajuaje?"

Mjomba, mtu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa chumbani mle, ambaye neno lake liliwahi kumaliza ugomvi wa mipaka kule Golbanti, alivua miwani akaifuta. Aliyesema alikuwa Bonaya.

"Mwalimu akisema la, ni la," alisema. "Mimi leo mmenihukumu kwa neno la mashine. Huyu msimhukumu hivyo hivyo."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mzee Guyo alionyesha printa kwa fimbo: karatasi kwanza. Mjomba hakurudi kwenye kiti. Alinionyesha kwa mkono nibaki nilipo. Nilibadilisha njia ikasoma PANDE, na programu ikakusanyika bila kelele. Kwa faida ya wenzangu vijana niongeze hili: kama MALISHO ingekuwa na nakala ya zamani ndani ya MAZOEZI, tusingeona kosa lolote. Mashine ingechapisha zamu ya mashamba ya zamani, nasi tungeipeleka porini tukijipongeza. Moduli iliyokosekana hupiga kelele. Iliyopatikana pasipo pake hukaa kimya na kuharibu.

Karatasi ilitoka. Walioisubiri nje waliondoka nayo. Nikafuta moduli ndani ya PANDE kama desturi, Mama Hawayu na Bonaya wakitazama. Kisha mjomba akasema, "Na MAZOEZI. Yote." Nikafuta yote: sehemu ya Mama Hawayu, na kila programu niliyoandika tangu siku ya tatu. Bonaya alilikagua lile umbo la utupu, akatikisa kichwa kukubali, akatoka.

Makundi yalishuka kwa malka yalizopangiwa. Kule Chara mahindi yalivunwa. Ng'ombe wa watu waliendelea kuchungwa na Bonaya, na ninavyojua aliendelea mpaka miguu ilipomkataa. Kila kitu kilichokuwa hatarini siku ile kiliokoka, isipokuwa mtu mmoja.

Mjomba hakuandika barua ya kujiuzulu. Alimwambia mwenyekiti wa kamati kwamba mashine ile ilihitaji mtu ambaye haulizwi "tutajuaje". Akachukua brashi ya rangi, akanikabidhi mbele ya mwenyekiti, akapanda baiskeli kurudi Golbanti. Kamati iliniuliza kama naweza kuendelea. Nilisema ndiyo. Ningeweza kusema hapana. Nililifikiria kwa muda mfupi sana. Kazi yangu yote iliyofuata, Hola, Madogo na kwingineko, ilianzia kwenye kiti kile.

Baada ya muda nilikutana na Bonaya dukani pale Garsen, ananunua sukari na majani ya chai. Nilitegemea shukrani, nisiwafiche. Alinipa mkono, akauliza habari za nyumbani, za mama, za mto. Kisha akasema, "Wewe umenitoa kwenye aibu. Mungu akulipe. Lakini yule ni mjomba wako." Akachukua sukari yake akaenda.

Kwetu mtu hamsahihishi mjomba wake mbele ya watu. Nililijua hilo kabla ya kujua kuwasha jenereta. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba mtu alikuwa anaangamia na hapakuwa na nafasi ya adabu. Utetezi huo haukunisaidia, kwa sababu nafasi ilikuwapo. Monita ile ilikuwa nzito. Kuigeuza kulichukua muda.

Nilikwepa Golbanti. Nilipokwenda, nilikwenda kwa mama, na mjomba tulisalimiana kwa heshima zote, tukaulizana habari za mvua. Hakunilaumu hata siku moja. Mama ndiye aliyenilaumu, naye hakuwapo siku ile.

Kisha nilikwama. Tulikuwa tumepewa kompaila mpya, na moduli zikaanza kukataliwa. Nilifuata utaratibu wote: njia ilikuwa sahihi, faili zilikuwapo, majina yalikuwa sawa. Kosa lilikataa kuondoka, na siku ya kuchapisha ilikuwa inakaribia. Katika wilaya nzima nilimjua mtu mmoja tu wa kumwuliza. Nilizunguka na tatizo lile kutwa nzima nikitafuta njia ya kutomwuliza. Mwisho nikapanda baiskeli.

Nilimkuta shambani, anapunguza machipukizi ya migomba. Nilimwamkia, nikasimama. Akaendelea na kazi. Nikaanza kumweleza, kwanza kwa kujikwaa, kisha vizuri: kompaila mpya, moduli ipo, inaonekana, lakini inakataliwa. Alisikiliza amenipa mgongo. Nilipomaliza alichomeka panga ardhini, akajifuta mikono kwenye kikoi, akaja mpaka nilipo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanishika bega, akainama, na kuninong'oneza sikioni:

"Zilikusanywa kwa kompaila ya zamani. Zikusanye upya, zote."

Shambani tulikuwa wawili tu.